Askari wa Trei ya Mayai

Kama umezoea kusikiliza visa vya mizimu huku moyoni unasema "hawa wanatunga tu", nakuomba leo uniache nimalize, ndipo uniite mwongo. Hiki sikusimuliwa na jirani. Nilikuwepo pale pale, futi kamba yangu ya kushonea mkononi, mume wangu kwenye kiti cha pembeni. Tena haikuwa usiku wa manane wala makaburini. Ilikuwa jioni ya kunywa chai, ndani ya ukumbi wa kanisa, Mbeya mjini, na watu walikuwa chumba cha pili wanacheka.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Mlandege, hapa Iringa. Mume wangu anaitwa Festo, ni fundi wa saa na simu. Ana vidole vyembamba vilivyozoea visikurubu ambavyo mimi sivioni hata nikikodoa macho, na nadhani vidole hivyo ndivyo vilivyotuponza. Mtu mwenye vidole vya namna ile akikosa simu ya kutengeneza, lazima atatafuta kitu kingine cha kuchezea.

Kitu hicho alikileta rafiki yake wa Mbeya, Gwakisa, aliyekwenda kusoma nje akarudi na shahada moja na mchezo mmoja. Mchezo wenyewe ni vita vya mezani. Nikueleze kidogo ili tuende pamoja. Unatengeneza askari wadogo, urefu wao hauzidi kidole gumba, unawapaka rangi mmoja mmoja. Unatandika meza kubwa yenye vilima vya maboksi na miti ya sponji. Huyu anapanga jeshi lake upande huu, yule upande ule. Askari anasogezwa kwa kipimo, hapewi hata nusu inchi ya bure, na ukitaka kumpiga mwenzako unarusha dadu, dadu ndiyo inaamua nani ameanguka. Watu wazima wenye ndevu na familia zao wanaweza kubishana mpaka chai inapoa kama mkuki umefika au haujafika.

Siku ya kwanza nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikamwambia, "Kwa hiyo baba mzima unacheza watoto wa bandia." Festo ni mpole, akaendelea kupaka rangi. Baada ya siku chache akaniomba kipande cha kitenge cha bluu, cha kubandika kwenye ngao. Halafu akaniomba nimshonee bendera yenye ukubwa wa kucha. Halafu akasema, hebu shika dadu mara moja tu, uone. Nikashika, nikamfunga, nikaruka juu na kupiga kigelegele mpaka mteja wangu akaingia kuuliza nani kajifungua. Huo ndio ukawa mwisho wa kucheka. Kushindwa mimi sipendi, hata kwenye karata za watoto.

Sasa kila mwaka Gwakisa anaitisha mkutano wa wachezaji, Mbeya. Wanakuja watu wa Njombe, wa Songea, wa Tunduma, na sisi wa Iringa. Watu wanacheza, wanaonyeshana majeshi yao, wanabadilishana askari. Anayetengeneza jeshi zuri kuliko wote anashangiliwa na kupigwa picha. Mwaka ule Festo aliapa kwamba picha ile atapigwa yeye. Akaamua kutengeneza jeshi la babu zetu Wahehe, wale waliopigana na Wajerumani. Mikuki ya waya, miili ya ile gundi ya kukandika wanayotumia mafundi bomba, ngao za ngozi zenye viraka vya kitenge changu. Mungu ananiona, walikuwa wazuri. Ukiwaangalia kwa muda ulikuwa unahisi kama wanakusubiri uondoke ndipo waendelee na mambo yao.

Kila askari lazima asimame juu ya kitu. Huko nje wananunua vikalio maalumu dukani, sisi tunatumia vizibo vya soda. Lakini kizibo kitupu kinaonekana kizibo tu, kwa hiyo unapaka gundi na kunyunyiza udongo, ili askari aonekane amesimama juu ya nchi. Na kila mchezaji ana udongo wake anaousifia, kama mama ntilie na pilipili yake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kwenye udongo.

Mama mkwe wangu anakaa Kilolo. Njia ya kwenda kwake inapanda mgongo wa kilima, na pale juu pembeni ya njia kuna rundo la mawe. Ni rundo la zamani. Kila anayepita anaongeza jiwe, na asiyepata jiwe anaweka hata jani bichi. Anayekwenda ibadani anaweka, anayetoka kilabuni kunywa ulanzi anaweka, hata mwenye bodaboda anasimamisha pikipiki yake, anaweka, anaondoka. Wanasema chini yake kuna mtu aliyejeruhiwa katika vita vile vile vya Wajerumani. Wenzake walikuwa wamembeba wakimrudisha nyumbani, akakata roho pale juu, mahali unapoanza kuona moshi wa vijiji. Jina lake halijulikani tena. Jiwe linawekwa ili asijione ameachwa peke yake.

Tulipokwenda kumsalimia mama, mimi nilitangulia na pikipiki pamoja na mizigo, Festo akaja nyuma kwa miguu. Nikamkuta mama jikoni, tukaanza kumenya viazi. Festo akachelewa sana. Alipofika, alikuwa na mfuko wa unga uliojaa udongo, na uso wa mtu aliyeokota dhahabu.

"Hebu ona," akasema. "Mwekundu, laini, na hizi kokoto nyeupe zinavyometa. Mbeya watalia."

"Umeutoa wapi?"

"Njiani huko."

Njia ya Kilolo ni ndefu, ningejuaje? Nikaendelea na viazi vyangu.

Alimaliza kubandika udongo kwenye vizibo vyote kabla ya Jumapili. Asubuhi moja wiki hiyo hiyo akaamka, akakaa kitandani, akaniita. Akasema miguu haitaki kunyanyuka. Si kwamba inauma, haitaki tu. Nikadhani ni uvivu wa kwenda dukani. Nikamshika mguu nikavuta, ukatoka sakafuni kwa shida, kama soli iliyokanyaga lami ya moto. Tukacheka. Kesho yake hatukucheka, na wiki iliyofuata alikuwa anatembea kwa kuburuta, ameshika ukuta.

Tukaenda hospitali. Wakapima sukari, wakapima damu, wakapiga picha za mgongo. Kila karatasi ilirudi inasema mtu huyu mzima. Huku vidole vyake vya miguu vilianza kuwa baridi, halafu vikaanza kubadilika rangi, vya samawati kwenye kucha, na ukivifinya hasikii. Mchungaji akaja na wazee wa usharika, wakaomba, wakaimba. Mwishowe daktari akatuandikia twende kwa bingwa Mbeya, Jumatatu. Aliniita pembeni akaniambia nijiandae, maana vidole vikiendelea hivyo huenda wakalazimika kuvikata ili kuokoa mguu. Nilitoka mle ndani nikaenda nyuma ya jengo, nikalia nimeuma kanga ili Festo asinisikie.

Na mkutano wa Gwakisa ulikuwa Jumamosi ile ile kabla ya Jumatatu ya daktari. Nilisema hatuendi. Festo akaniangalia, akasema, "Mama Tumaini, kama wanakata, acha kwanza nikacheze." Nikafungasha. Tukapanda basi la Mbeya, yeye na mkongojo, mimi na jeshi lake mapajani, limepangwa ndani ya trei ya mayai. Hatukupata kitu kingine kinachomfaa askari mmoja mmoja vizuri namna ile. Kila tundu mtu wake, hakuna tundu tupu.

Mbeya ilitupokea na baridi yake na ukungu. Lakini ukumbini, jamani! Meza zimejaa, watu wamejaa, kelele tupu. Gwakisa alimkumbatia Festo mpaka mkongojo ukaanguka. Watu wa Mbeya wakaanza utani wao, mara Wahehe hasira, mara msimguse Mhehe mkuki wake. Mimi nikawajibu kuwa mkuki haumtishi asiye mwoga. Festo akapigwa picha. Kwa muda fulani nilisahau kabisa habari ya Jumatatu, na ninamshukuru Mungu kwa muda ule.

Mchana akaja jamaa mmoja mwenye koti la mvua la njano. Alikuwa na mzinga mdogo wa Kijerumani, wa madini ya risasi, mzuri kweli, na Festo alikuwa anautamani tangu asubuhi. Wakabadilishana. Jamaa akachagua askari mmoja tu kutoka kwenye trei, yule mwenye kiraka cha bluu katikati ya ngao, akamtia mfukoni na kuondoka. Mlikumbuke koti hilo la njano.

Jioni mvua ikashuka na umeme ukakatika. Watu wakahamia chumba cha pili, ambako kina mama wa kanisa walikuwa na jiko la mkaa na birika kubwa la chai. Festo hakuweza kunyanyuka. Nikabaki naye, tukawasha mshumaa juu ya meza, yeye akawa anapanga jeshi lake upande mmoja na Wajerumani wa Gwakisa upande wa pili, ili tucheze mchezo wa mwisho sisi wawili. Mlango wa kutokea chumba cha pili ulikuwa wazi. Nilikuwa namwona Gwakisa mgongoni, amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Kamwene."

Tuliitikia wote wawili, kwa mazoea. Mhehe akisalimiwa kwa Kihehe anaitikia kwanza, maswali baadaye. Ndipo nikamwona. Mwanaume mwembamba, makamo ya Festo, ndani ya koti kuukuu lililomzidi mabega, amekaa tayari kwenye kiti cha upande wa pili wa meza. Sikumwona anaingia. Sikusikia kiti. Nikasema moyoni ni mchezaji wa Njombe aliyechelewa.

Akawa anawaangalia askari wetu, mmoja mmoja. Akasema, kwa Kiswahili kizito cha watu wa milimani, "Hawa nani kawaleta mpaka huku?"

Festo akacheka, akamwambia ni kazi ya mikono yake, unataka kucheza? Yule mtu akasema ndiyo, lakini yeye atakaa na hawa. Wale wenye kofia yeye hawajui. Basi Festo akachukua Wajerumani na mzinga wake mpya, mimi nikawa mwamuzi na futi yangu.

Niamini, nimeona wachezaji wengi, lakini wa namna ile sijamwona. Hakupima. Alikuwa anamsogeza askari kwa kidole kimoja, taratibu, na mimi nikiweka futi nakuta ni inchi zile zile zinazoruhusiwa, hazikuzidi wala kupungua, kila mara. Dadu hakutaka kuzigusa. Na hakushambulia! Wajerumani walikuwa mbele yake, wamejipanga, angeweza kuwavamia. Yeye aliwageuza watu wake wote, akawa anawapeleka pembeni, kuelekea ukingo wa meza, upande wangu mimi. Nani anacheza hivyo?

Festo akaona nafasi, akageuza mzinga, akarusha dadu. Sita. Askari mmoja wa babu zetu akaanguka.

Mume wangu akapiga yowe na kushika mguu wake. Mguu ule ule ambao kwa wiki nzima ulikuwa hausikii hata pini. Mimi nikadhani misuli imekaza, na nitasema ukweli wangu, kichwani mwangu kulikuwa na mchezo tu. Nikamwambia, "Piga tena, wanakimbia hao!" Akarusha. Mwingine akaanguka, na safari hii Festo alilia mpaka machozi.

Yule mtu hakukasirika. Alisema kwa upole kabisa, "Wanapita tu. Hawajaja kupigana."

Nikainama kuokota dadu iliyoanguka chini, ndipo nikaona miguu yake. Hakuwa na viatu. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na udongo wa Mbeya mnaujua ulivyo mweusi, ukikanyaga unakuja na nusu kilo kila mguu. Miguu yake ilikuwa mikavu, na ilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ndani ya vumbi kulikuwa na vikokoto vyeupe vinavyometa kwa ule mwanga wa mshumaa. Nilitaka kumwita Gwakisa, mgongo wake nilikuwa nauona. Ulimi ulikataa. Niliogopa, sikufichi.

Nilipoinuka, Festo alikuwa ameshaacha kulia. Alikuwa anamwangalia mtu yule, halafu anaangalia vizibo, halafu mtu yule tena. Akamwuliza, na nikasikia ameacha sauti ya mchezo, "Baba, umetoka wapi?"

"Mwanangu, unapajua." Alimwita mwanangu, na mimi nawaambia walikuwa makamo mamoja. "Mimi nawekewa mawe na watu nisiowajua, mpaka nimeuzoea uzito wao. Wewe ni wa kwanza kuja kunipunguzia. Umechukua cha kifuani. Usiku baridi inaingia."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali, ningepata pa kujishikia. Festo aliinamisha kichwa, akasema, "Ni mimi. Nilichota pale penye rundo la mawe, Kilolo, pembeni ya njia. Sikufikiria." Hapo ndipo na mimi nilipojua mfuko ule wa unga ulijazwa wapi.

Yule mtu akarudi kwenye mchezo, akasogeza askari mwingine. Walikuwa wamebakiza hatua chache kufika ukingoni, na mzinga wa Festo ulikuwa unawatazama. Zamu ilikuwa ya Festo. Tangu nimjue, mume wangu hajawahi kuacha mchezo ukiwa mkononi mwake, na mimi ndiye wa kwanza kumcheka mtu anayeacha. Aliweka dadu mezani. Akazisukuma mbali na yeye.

"Waende," akasema.

Basi wakaenda. Kidole kile kikawa kinawasogeza, na kila askari aliyefika ukingoni mimi nilimpokea, nikamrudisha kwenye tundu lake la trei. Hata wale wawili walioanguka nikawainua. Askari wa kwanza alipotoka mezani Festo alishtuka, akashika kidole gumba cha mguu wa kulia. "Kinapata moto," akaninong'oneza. Akafuata mwingine, akasema na hiki pia. Nikamvua soksi pale pale, mbele ya mgeni, bila aibu. Kucha zilikuwa zinarudia rangi yake moja baada ya nyingine. Nilizifinya, akasema yawu! Sijawahi kusikia neno tamu kama lile yawu.

Meza ikabaki na Wajerumani peke yao. Yule mtu akasimama, akainama juu ya trei. Kulikuwa na tundu moja tupu. Akaweka kidole chake ndani ya lile tundu.

"Na huyu?"

Festo akasema amebadilishana na mtu. Mtu gani? Festo akafungua mdomo, akagundua hata jina hakuuliza.

Umeme ukarudi. Taa zote kwa mara moja, macho yakauma, na watu wa chumba cha pili wakashangilia. Kiti kilikuwa kitupu. Gwakisa akageuka pale mlangoni, akaja na kikombe cha chai ya Festo, anatuuliza mbona mmekodoa macho hivyo. Nikamwuliza yule mtu aliyetoka sasa hivi kapita wapi. Akasema mtu gani, yeye amesimama pale mlangoni tangu umeme ulipokatika na hakuna aliyepita, na mlango mkubwa wa mbele walikwisha kuufunga kwa komeo kuzuia mvua. Nikaenda kuutazama. Ulikuwa umefungwa. Juu ya kiti kulikuwa na vumbi jekundu kidogo, nikalikusanya lote ndani ya kitambaa changu, nikafunga fundo. Sikutaka kubakiza hata chembe.

Sitakueleza usingizi wa usiku ule, maana haukuwepo. Alfajiri tulikuwa stendi. Festo alipanda basi kwa kujishika, bado anaburuta, lakini mkongojo aliubeba begani. Tukapita Iringa bila hata kufungua nyumba, tukaunganisha mpaka Kilolo, tukamkuta mama mkwe anatoka ibadani. Festo akamweleza yote akiwa amepiga magoti uani.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamkaripia mwanaume yule mwenye watoto na duka mjini kama mtu aliyemwaga maziwa. "Wewe Festo! Wenzio wanaweka, wewe unatoa! Umelelewa na mimi kweli wewe?" Akaingia ndani, akatoka na kisu cha jikoni na Biblia yake, akasema twendeni kabla mvua haijaanza.

Tukakaa chini pale juu ya kilima, watatu, trei katikati yetu. Mama alitumia kisu, mimi nilitumia wembe wangu wa kufumulia nguo, Festo kucha zake. Tulikwangua kizibo kimoja kimoja mpaka bati likaonekana. Udongo wote, kokoto zote, na lile fundo la kitambaa, Festo alivirudisha kwa mikono yake pale alipochota. Mama akasoma zaburi, akaomba kwa Kihehe, maneno machache. Kisha kila mmoja akatafuta jiwe. Langu nililichagua kubwa, nikalibeba kutoka mbali kidogo, na wala sikulihisi uzito.

Festo alisimama kuweka jiwe lake. Alisimama bila kushika kitu. Akaliweka, akageuka, akaanza kutelemka kilima kwenda kwa mama, miguu inanyanyuka, kulia, kushoto, anakanyaga na kunyanyua. Mkongojo ameusahau kwenye majani. Mimi nilikaa chini nikalia kwa sauti, sikuuma kanga safari hii. Halafu nikacheka. Mama mkwe akaniambia nyamaza, utamwamsha, na yeye mwenyewe akacheka. Jioni nilikula viazi vilivyopoa kwenye sufuria, na sijala chakula kitamu namna hiyo tangu nizaliwe.

Kwa bingwa Mbeya tulikwenda pia, usije ukasema tuliacha dawa. Akamgeuza, akamgonga magoti, akasoma karatasi za mwanzo, akamwambia mshukuru Mungu wako, fanya mazoezi, nenda nyumbani. Leo Festo anatembea kutoka Mlandege mpaka sokoni na kurudi, ananilalamikia mimi kwa kuchelewa. Kila nikisikia viatu vyake vinakuja kibandani nasimamisha cherehani nisikilize kidogo.

Isipokuwa kidole kimoja. Kile kidogo cha mwisho, mguu wa kushoto. Kucha yake ni ya samawati mpaka leo, kimepoa, ukikifinya hakisemi yawu. Hakizidi, hakiondoki. Daktari anasema ni cha kawaida, anaweza kuishi nacho. Sisi tunajua ni tundu gani la trei.

Tumemtafuta yule jamaa wa koti la njano. Gwakisa ameuliza kila mchezaji. Mmoja anasema alikuja na watu wa Tunduma, watu wa Tunduma wanasema walidhani ni wa Songea. Mkutano wa mwaka uliofuata hakuonekana. Sisi bado tunakwenda, mimi bado nashinda, na siku hizi vizibo vyetu tunavinyunyizia majani ya chai yaliyochujwa na kukaushwa, hayana mwenyewe.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama unapita njia yenye rundo la mawe, ongeza, usipunguze, hata kama udongo wake unameta vipi. Na sasa fanya jambo moja kwa ajili yangu. Nenda kaangalie kabatini kwako, au juu ya televisheni, au kwenye vitu vya kuchezea vya watoto. Ukikuta askari mdogo mwenye mkuki wa waya, ngao ina kiraka cha kitenge cha bluu, amesimama juu ya kizibo chenye udongo mwekundu, usimtupe, na usimkwangue mwenyewe. Mlete Mlandege, uliza kibanda cha fundi cherehani. Nitakushonea gauni bure, au suruali kama ni mwanaume. Kuna mtu Kilolo bado anasikia baridi kidogo kifuani, na mume wangu anasubiri kidole chake.